Nani Anamla Konokono?

Mhadhara kwa wakulima wa mpunga na wavuvi, Makwale, wilaya ya Kyela



Nimeombwa nizungumzie konokono, na najua wapo waliokuja hapa wakitarajia jina la dawa. Majina ya dawa nitayataja, tena zaidi ya moja, ila nitayataja ili nieleze kwa nini huwa siyapi nafasi ya kwanza. Swali langu leo ni jingine: konokono wa majini wanapozidi, nani alikuwa anawala, na amekwenda wapi?

Niruhusuni nianzie mbali kidogo, kwenye sebule za watu wa Ulaya na Marekani. Huko samaki wa ziwa letu hili la Nyasa wanafugwa kwa maelfu katika matangi ya kioo. Tangu miaka ya 1960 wamekuwa wakikamatwa wakiwa hai upande wa Malawi na kusafirishwa kwa ndege, na wale wa miambani wanajulikana dunia nzima kwa jina la mbuna. Wapo wafugaji wengine wanaopendelea maji ya chumvi: hao hujaza tangi maji ya bahari au maji waliyoyatia chumvi wenyewe, wakaweka mawe ya miamba, matumbawe, na samaki ambao baadhi yao wamevuliwa pwani ya Kenya. Ni starehe ya gharama kubwa. Na mtu anayetumia fedha hizo zote hujikuta siku moja analalamika juu ya kitu ambacho hakukinunua, nacho ni konokono.

Konokono huyo huingia kimyakimya. Huja akiwa yai lililogandamana na jiwe au jani, na baada ya miezi mwenye tangi akiwasha taa usiku anakuta kioo kimejaa. Wengine hawana madhara zaidi ya wingi wao. Wengine ni wabaya kweli, kama wale wadogo mfano wa punje ya mchele wanaojibandika kwenye chaza wakubwa na kuwafyonza hadi wafe. Mwenye tangi anakimbilia sumu, na sumu ya zamani kuliko zote ni shaba. Ninyi mnaolima kakao mnazijua dawa za shaba za ukungu, na wazee wanaujua mrututu. Shaba inaua konokono, hilo halina ubishi. Lakini katika tangi la maji ya chumvi inaua pia kamba, inaua kiti cha pweza, inaua matumbawe, kisha inanywewa na mawe na mchanga na kuvuja kidogo kidogo kwa muda mrefu baadaye. Konokono mamia waliokufa wanaoza humo humo na kuchafua maji ambayo samaki anapumulia. Halafu, na hapa ndipo penye kiini, mwenye tangi akiendelea kumwaga chakula kuliko samaki wanavyoweza kula, mayai machache yaliyonusurika yanarudisha idadi ileile.

Wafugaji wenye uzoefu huanza na chakula. Hupunguza wanachomwaga, hufyonza uchafu wa chini, hutega jani la saladi usiku na kulitoa asubuhi likiwa limejaa konokono. Mwisho hutafuta mlaji. Kwa wale wafyonzaji wa chaza huwekwa samaki mdogo mwenye mistari sita ubavuni, mkazi wa miamba ya Bahari ya Hindi, ambaye kazi yake ni kudonoadonoa siku nzima. Nimekaa sana kwenye tangi kwa sababu humo mtu anaona kwa miezi mambo ambayo ziwani huchukua miaka thelathini, na kwa sababu mmoja wa konokono wanaosumbua matangi ya Ulaya yumo sasa ndani ya Ziwa Nyasa. Nitamrudia.

Ziwa letu lina eneo la karibu kilomita za mraba 29,600 na kina cha takriban mita 700. Konokono hawaishi huko kilindini. Wanaishi ukingoni, palepale tunapooga, tunapofua, tunapokokota nyavu na watoto wanapochezea. Wapo wa aina nyingi na baadhi yao hawapatikani popote pengine duniani. Wapo wakubwa wa jamii ya Lanistes. Wapo warefu wenye ncha kali wa jamii ya Melanoides. Na wapo wadogo wenye gamba jepesi wa jamii ya Bulinus, ambao wengi wetu huwakanyaga bila kuwaona, na hao ndio wenye kesi ya kujibu, kwa sababu ndio wanaobeba kichocho cha mkojo.

Habari ya kichocho mmeshaisikia zahanati, nitaipitia haraka. Mgonjwa anakojoa majini, mayai yaliyomo kwenye mkojo yanaanguliwa, kijidudu kinachotoka kinamtafuta konokono, kinaongezeka ndani yake, na baada ya wiki kadhaa konokono huyo anatema vijidudu vingine vyenye mkia, hasa jua linapokuwa utosini. Hivyo vinapenya ngozi ya mtu aliye majini. Bila konokono wa aina hiyo mnyororo unakatika.

Kwa miaka mingi wageni waliambiwa kwamba fukwe za mchanga za ziwa hili, penye mawimbi, ni salama. Konokono wa kichocho anayejulikana sana, Bulinus globosus, hapendi mawimbi. Anapenda maji yaliyotulia, kwenye vijito, matete, mabwawa na mifereji. Lakini mwaka 1992 Wamarekani wawili waliokuwa wakijitolea Malawi, na ambao walikuwa wameoga Cape Maclear, kusini mwa ziwa, waligundulika kuwa na kichocho kilichofika kwenye mfumo wa fahamu. Uchunguzi uliofuata uliwakuta wageni wengine wengi walioambukizwa. Mwaka 2001 watafiti wakathibitisha kwamba Bulinus nyassanus, konokono wa mchangani anayepatikana katika ziwa hili peke yake, naye anabeba kichocho. Ushahidi huo ni wa kusini, rasi ya Nankumba, kwa hiyo sisemi kwamba mchanga wa Matema huku kwetu ni sawa na wa Cape Maclear. Ninachotaka mkizingatie ni swali walilojiuliza watafiti: konokono huyu amekuwapo tangu zamani, iweje fukwe zilizosemekana ni safi zigeuke?

Mwanasayansi wa samaki kutoka Marekani, Jay Stauffer, pamoja na wenzake wa Malawi, walikwenda kutazama taya.

Samaki wengi wa ziwa hili wana jozi mbili za taya. Zile za mdomoni ni za kukamatia. Za pili ziko kooni, na hizo ndizo za kusagia. Yupo mmoja, jina lake la kitaalamu ni Trematocranus placodon, ambaye mifupa ya koo lake ni minene na ina meno bapa ya kuvunjia magamba. Anazunguka kwenye mchanga wa maji mafupi na kwenye majani ya chini ya maji, anamwokota konokono, anamvunja kooni, anatema vipande na kumeza nyama. Na ana uchaguzi: gamba la Bulinus ni jepesi, linavunjika upesi, wakati gamba la Melanoides linahitaji nguvu nyingi zaidi. Samaki huyu akiwa na nafasi ya kuchagua, anaanza na yule anayetuletea kichocho. Sidhani kama kuna mtumishi wa afya anayefanya kazi hiyo kwa bei ndogo kuliko yeye.

Stauffer na wenzake walilinganisha hesabu za samaki huyo Cape Maclear na wakakuta amepungua sana kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, huku konokono na maambukizi vikipanda. Walichokituhumu ni uvuvi wa ukingoni. Kokoro halichagui. Linafagia mchanga uleule ambako dume anajenga kiota chake cha mchanga na jike anataga. Tena jike wa jamii hii hubeba mayai na watoto mdomoni. Ukimtoa majini umetoa kizazi kizima. Usipa tunaweza kuwavua kwa wingi na wakarudi, maana maisha yao ni mafupi na uzazi wao ni wa haraka. Huyu anayebeba watoto mdomoni hana mbio hizo.

Wapo watakaosema kwamba wavuvi wanasingiziwa. Nami nakubali kwamba samaki si sababu pekee: watu wameongezeka, udongo unaoporomoka kutoka mashamba ya milimani unashuka na mito, na watu wanaokojoa majini wamekuwa wengi kuliko zamani. Lakini kanuni za uvuvi za Tanzania zinakataza kokoro na zinakataza vyandarua vya mbu kugeuzwa nyavu, na katazo hilo kwa kawaida tunalielewa kama ulinzi wa kitoweo. Ningependa tulielewe pia kama kinga ya ugonjwa.

Sasa yule konokono wa matangi. Anaitwa Melanoides tuberculata. Anajulikana kwa wafugaji wote wa samaki wa mapambo kwa sababu akiingia hatoki. Jike mmoja anatosha: hahitaji dume, na hatagi mayai ya kuonekana bali huzaa watoto walio tayari kutambaa. Mchana amejifukia mchangani. Anavumilia hata maji yenye chumvi nyingi. Mwaka 2004 mtafiti Martin Genner na wenzake walichunguza vinasaba vya konokono wa Ziwa Nyasa wakakuta kwamba kati ya wale waliodhaniwa kuwa wenyeji wa ziwa, wapo wengi wa ukoo wa Asia. Wamefanana mno na wenyeji kiasi kwamba waliingia na kuenea bila mtu kushtuka. Huyu habebi kichocho chetu. Ila mnakumbuka nilichosema kuhusu gamba lake: ni gumu. Mlaji anayehangaika na chakula kigumu kilichojaa kila mahali hana faida ileile kwetu.

Nimefika kwenye dawa. Nchi yetu inazijua kwa muda mrefu. Kule Arusha Chini, kwenye shamba la miwa karibu na Moshi, mwishoni mwa miaka ya 1960 mifereji ilitiwa dawa ya kuua konokono, na watu wakatibiwa, na kichocho kikapungua. Karibu na wakati huohuo kulikuwa na mradi mwingine Misungwi, kusini mwa Mwanza. Shamba la miwa lina mifereji yenye milango, lina mhandisi na lina fungu la fedha. Dawa ikipungua nguvu, inatiwa tena. Hebu jiulizeni mlango wa Mto Mbaka uko wapi. Mvua za Aprili zikishuka kutoka Rungwe, Kyela yote ni maji yanayotembea, na dawa ya shilingi nyingi iliyomwagwa Jumatatu itakuwa ziwani kabla ya Ijumaa.

Zanzibar walijaribu jambo hili kwa makini. Kuanzia 2011 na 2012 hadi 2017, katika shehia za Unguja na Pemba, watu wote walipewa vidonge vya kichocho, prazikwanteli. Baadhi ya shehia zikaongezewa kunyunyizia niklosamidi, dawa ya kuua konokono, kwenye mabwawa na vijito, nyingine zikaongezewa elimu ya kubadili mwenendo. Kichocho kilishuka sana kwa ujumla. Lakini tofauti kati ya makundi haikuwa kubwa kama ilivyotumainiwa. Mimi ninavyoisoma habari hiyo, vidonge vilifanya kazi kubwa, na sumu ya konokono ina mahali pake pembeni, kwenye bwawa dogo linalojulikana, na si zaidi ya hapo. Tena kipimo cha niklosamidi kinachoua konokono kinaua na samaki. Ukiimwaga kwenye kijito umemuua mlaji pamoja na anayeliwa, na kati ya hao wawili konokono ndiye anayerudi kwanza.

Basi, kijana mmoja atasema, tufuge huyo samaki mwenye taya za kooni, tumwage kila bwawa. Wazo limeshajaribiwa, na hadithi yake naipenda kuliko zote nilizokuja nazo.

Ziwa Victoria lina mvunja konokono wake, Astatoreochromis alluaudi. Alipandikizwa kwenye mabwawa ya magharibi mwa Kenya na matokeo yaliyochapishwa 1977 yalitia moyo. Akapelekwa hadi Kameruni, kwenye mabwawa ya kufugia samaki, na huko akashindwa. Alikuwa hai, amenenepa, na konokono wako palepale. Jibu lilikuwa limeshaandikwa tangu 1965 na Humphry Greenwood, mtaalamu aliyewahi kufanya kazi kwenye kituo cha utafiti wa uvuvi Jinja. Greenwood aliwatazama samaki wa aina hii waliokulia kwenye matangi wakilishwa chakula laini, akakuta mifupa ya koo lao ni myembamba na meno yake madogo, tofauti kabisa na wa ziwani. Taya za kooni hukua kwa kazi. Samaki anayemwagiwa pumba na chakula cha punje hana sababu ya kuvunja gamba, na baada ya muda hata akitaka hawezi. Kwa hiyo ninyi wenye mabwawa ya perege, msidanganyike na muuzaji wa vifaranga atakayewaambia hawa wanakula konokono. Mwulizeni alikuwa anawalisha nini.

Kenya walijaribu pia kamba wa maji baridi kutoka Marekani, yule mwekundu aliyepelekwa Naivasha 1970. Katika mabwawa ya majaribio alipunguza konokono na maambukizi ya watoto yakapungua, matokeo yalitangazwa 1999. Lakini huyohuyo Naivasha alifyeka majani ya majini, na huko Ulaya anachimba kingo za majaruba ya mpunga. Mtu akimleta Kyela kwa nia njema, tutakuwa na mhadhara mwingine hapa na utakuwa mrefu kuliko huu.

Ninachokiamini zaidi ni habari ya Senegali. Bwawa la Diama lilipokamilika 1986 liliwazuia kamba wenyeji wa mto kupanda na kushuka kwenda kuzaliana kwenye maji ya chumvi. Wakapotea juu ya bwawa, na miaka michache baadaye Richard-Toll kukalipuka kichocho. Watafiti wakawarudisha kamba walewale kwenye sehemu ya mto inayotumiwa na kijiji kimoja, na mwaka 2015 wakaeleza kwamba konokono wenye maambukizi walipungua, na watu waliotibiwa hawakuambukizwa tena kwa kasi ya awali. Hawakuleta mgeni. Walimrudisha mwenyeji. Na sisi mwenyeji wetu hajapotea kabisa, amepungua. Kumwachia mahali pa kuzalia ni kazi rahisi kuliko ya Wasenegali. Hifadhi ya upande wa Malawi, iliyoanzishwa 1980, inalinda mita 100 tu za maji kutoka ufukweni. Vikundi vya usimamizi wa fukwe, BMU, vya upande wetu vinaweza kukubaliana hata vipande vifupi kuliko hivyo, mahali penye mchanga na majani, ambapo hapakokotwi nyavu kabisa. Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi, TAFIRI, wana kituo hapa Kyela. Wapeni kazi ya kuhesabu kabla na baada, ili tusije tukabishana kwa hisia.

Nimeuacha mpunga hadi sasa makusudi, kwa sababu kwenye mpunga bado tuna nafasi ya kuwahi.

Yupo konokono wa Amerika ya Kusini, Pomacea canaliculata, mkubwa, anayeweza kukaribia ngumi ya mtoto. Karibu na 1980 alipelekwa Taiwan afugwe kwa chakula. Walaji hawakumpenda, akatupwa, akaingia mashambani, akaenea Ufilipino, Japani, Vietinamu. Kwingine alisafiri na biashara ya matangi ya samaki, maana analamba uchafu wa kioo vizuri. Uhispania konokono wa jamii yake alitoroka hadi kwenye mashamba ya mpunga ya mto Ebro mwaka 2009, na mwaka 2012 Umoja wa Ulaya ukapiga marufuku jamii hiyo yote ya Pomacea. Mwaka 2020 canaliculata mwenyewe aliripotiwa Mwea, Kirinyaga, kwenye mashamba makubwa ya mpunga ya Kenya. Anakula mche mchanga akiukata chini, usiku mmoja jaruba linabaki maji matupu.

Wenzetu wa Mwea wana silaha ambazo sisi hatuna. Maji yao yanakuja kwa mfereji, wanaweza kuyapunguza yakabaki mafupi kiasi kwamba konokono hatembei, wakamwokota kwa mkono. Huku kwetu maji huja yanavyotaka. Tulichonacho ni kupandikiza miche iliyokomaa, ya siku 25 hadi 30, ambayo shina lake limeshakuwa gumu. Na bata, ambao wanakula wadogo vizuri lakini wafunguliwe miche ikishashika mizizi, la sivyo mtawalaumu konokono kwa kazi ya bata. Zaidi ya hayo ni kutomruhusu aingie: msipokee miche, wala majani ya mpunga, wala mashine ya kuvunia kutoka shamba la mbali bila kuiosha.

Na mmjue. Mchukue konokono wa majini, ncha ya gamba ielekee juu na mdomo wake ukutazame. Mdomo ukiwa mkono wako wa kushoto, huyo ni Lanistes wetu au Bulinus, mwenyeji. Akiwa mkubwa na mdomo uko kulia, simameni. Anaweza kuwa Pila, jamaa wa Afrika Mashariki, ambaye hutaga mayai meupe. Mayai ya Pomacea ni ya waridi iliyokolea, mamia kwa fungu moja, yamebandikwa juu ya maji kwenye shina la mpunga, jiwe au nguzo. Yana sumu, ndiyo maana ndege hawayagusi. Yaparuliwe kwa kijiti na kupondwa, yasishikwe kwa mkono mtupu. Kabla ya kuyaponda, pigeni picha ya fungu na ya konokono mwenyewe, mkaionyeshe kwa afisa ugani wa kata ili aipeleke kwa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA. Msimbebe akiwa hai kwenye ndoo kwenda kumwonyesha mtu Ipinda au Kyela mjini. Huko njiani kuna mitaro.

Nadhani sasa ni zamu yenu. Nilimwona mama pale nyuma ameinua mkono tangu nilipotaja bata.